Nafasi Ikipatikana

Kambi ya Tangawizi BC,
Same.
Jumapili, 2 Februari 2025

Dada Eliwaza,

Shikamoo. Usicheke kuona karatasi kama vile tumerudi enzi za babu. Simu zetu zote zimefungiwa kwenye kabati la Bosi Rodrick, na zitakaa humo mpaka msimu uishe mwezi wa tisa. Anasema timu za Arusha na Moshi zinarubuni wachezaji wake kwa simu. Kwa hiyo barua hii nimempa konda wa basi la Bombo, ameahidi kukupa mkononi. Ukijibu, mpe huyo huyo.

Nimesajiliwa timu ya kikapu, dada! Ule mkataba uliotia saini umepita, msimu mzima, mshahara kila mwezi, kitanda na chakula. Mimi ambaye ulisema urefu wangu kazi yake ni kuchuma maparachichi bila ngazi. Tuko kumi na wawili, na majina yetu yameshapelekwa ofisi ya ligi. Ligi yetu ina sheria moja ambayo wachezaji tumeipenda sana: orodha ikishafungwa, klabu haiwezi kumwacha mtu wala kuleta mwingine katikati ya msimu, isipokuwa mmoja ameumia na daktari ameandika kwamba hawezi tena kucheza. Hapo tu ndipo nafasi inafunguka. Wameweka hivyo ili matajiri wasituchanganye kama karata.

Uwanja uko nyuma ya ghala la tangawizi la Bosi. Chini ni saruji, juu ni jua, na upepo wa Same unaujua mwenyewe, mpira ukirushwa mbali unahama njia. Kazi yangu ni kusimama chini ya ringi na kuzuia. Jana tulicheza mechi ya kirafiki na vijana wa Kifaru, mmoja akaniingilia kichwa mbele, pua yake ikakutana na kiwiko changu. Damu ilifika mpaka kwenye viatu vya refa. Sikukusudia. Bosi alicheka sana, akanipa jina la Tingatinga, na jioni akaniita ofisini kwake akanimiminia chai ya tangawizi kwa mkono wake mwenyewe. Fikiria, tajiri yule ananishikia birika mimi. Wenzangu hawakuitwa.

Msalimie mdogo wetu Rogath. Mwambie aache kula makande ya watu wawili.

Mdogo wako,
Sifael


Bombo,
20 Februari 2025

Mdogo wangu Sifael,

Marahaba. Barua ilifika inanuka dizeli, lakini ilifika. Nimeisoma, nimemsomea Rogath, naye ameitembeza kwa vijana wote wa kwaya mpaka imechakaa. Pua ya mtoto wa watu nimeisikitikia. Usiizoee chai ya mtu anayecheka damu.

Jana baragumu lililia alfajiri, tukatoka msaragambo kuzibua ndiva. Bwawa limejaa tope, maji hayateremki mifereji, na tangawizi inanyauka shambani. Kila nyumba imetoa mtu wa kuchimba. Asiyetoka wanamfuata wanamchukulia sufuria au kuku, na udhuru ni ule ule, msiba au jeraha. Nikiwa na tope mpaka magotini nilikukumbuka nikacheka peke yangu kama mwehu. Ulikuwa darasa la tano, ukajipiga jembe kwenye kidole cha mguu ili usiende. Wazee wakaja, wakaona damu, wakakuacha. Wewe ukalala ukila ndizi mbivu, mimi nikachimba zamu yako juu ya yangu. Kidole hicho mpaka leo hakina kucha, na zamu yangu mpaka leo hujairudisha.

Sasa nisikilize. Rogath anataka kwenda Mirerani. Mtoto wa baba mdogo amemwambia kuna shimo linatafuta vijana. Ana miaka ishirini na urefu wa mlingoti, ataingiaje shimoni? Mwana wa jirani yetu Asteria alizikwa na mwamba huko huko, na mama yake hakupewa hata shati lake. Tangu mama afe nina ninyi wawili tu. Mtafutie nafasi hapo kwenu. Anaruka huyu mtoto, Sifael! Ringi ya uwanja wa kanisa ameipinda, na mzee wa kanisa ameshatutishia kesi. Akiwa karibu na kaka yake, mimi nitapata usingizi.

Dada yako,
Eliwaza


Kambini, Same.
16 Machi 2025

Dada,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu kwa sababu juma lililopita lilikuwa baya.

Kaanaeli, nahodha wetu, yule mfupi wa Msangeni mwenye maneno mengi, ameumia mazoezini. Alikuwa amepanda kufunga, akagongwa akiwa hewani, akashukia mguu mmoja. Goti lilikwenda upande ambao goti haliendi. Tulilisikia likikatika, sote, hata wapakiaji waliokuwa ndani ya ghala. Alipiga kelele mpaka mbuzi wa nyuma ya uzio wakakimbia. Mimi ndiye niliyemshika kichwa tukisubiri gari, na kwa maumivu alining'ata mkono. Alama za meno yake bado ninazo.

Watu hugongana mazoezini, ndivyo mchezo ulivyo. Daktari aliandika kesho yake, na keshokutwa yake akashuka mchezaji kutoka Arusha kuchukua nafasi. Begi lake lilikuwa limeshafungwa kabla Kaanaeli hajaanguka, hilo nimeambiwa na dereva aliyemfuata. Mitupo yake ya mbali haikosi. Tangu aje hatujafungwa.

Bosi bado ananiita. Siku hizi anazidisha tangawizi mpaka koo linawaka, na ningekuwa na namna ningemwambia asinipe.

Kuhusu Rogath, nafasi hakuna. Orodha imejaa. Halafu bado mwembamba, atavunjika. Akalime. Mirerani asiende, na huku asije.

Sifael


Bombo,
2 Aprili 2025

Sifael,

Safari hii hata marahaba sikuitikii. Nimekuelewa vizuri. Umeonja mshahara, sasa unaogopa mdogo wako asije akakuzidi. "Bado mwembamba, atavunjika." Wewe ulivyoondoka hapa ulikuwa na nyama gani? Nilikubeba mgongoni mpaka shule ulipougua surua, na leo unamfungia mlango mtoto uliyemfundisha mwenyewe kudunda mpira kwenye ua huu huu.

Mungu si Sifael. Jumamosi gari jeupe limepanda mpaka hapa kununua tangawizi, akashuka Bosi wako mwenyewe. Mtu mwenye adabu! Alikunywa uji wangu, akamsifu marehemu mama, kisha akaenda uwanja wa kanisa kumtazama Rogath akiruka. Alisimama pale amekunja mikono. Alipotaka kuondoka akaniambia, "Mama, huyu kijana nafasi ikipatikana namchukua." Nikamuuliza itapatikana lini. Akacheka, akasema haitachelewa.

Ameniachia karatasi ya mkataba, nimeshaitia saini kama nilivyotia ya kwako. Dhamana ni ile ile, shamba la mama, kwamba mchezaji akiondoka akiwa mzima kabla msimu haujaisha, shamba ni la klabu. Hilo halinitishi. Nani atamkimbia kaka yake?

Eliwaza


Kambini, Same.
Alhamisi, 10 Aprili 2025

Dada,

Shikamoo. Naandika haraka, basi linaondoka.

Usimwachie Rogath. Mfungie ndani, mfiche nguo, mwache hata aende Mirerani, ila huku asije. Nafasi hapa hazipatikani, dada. Zinafanywa.

Jana ilikuwa zamu ya Kurwa, kijana mpole anayeongoza sala kabla hatujala. Taya limevunjika sehemu mbili. Meno yake tuliyaokota kwenye saruji tukayafunga kwenye leso, sijui kwa nini tuliyaokota, hakuna atakayeyarudisha. Alikuwa anajaribu kusema jina la mtu na damu inatoka povu. Leo asubuhi daktari ameandika.

Siwezi kusema zaidi, Bosi ameanza kutafuta barua zetu. Hii nimeipeleka stendi mwenyewe. Kwa jina la mama, mzuie.

Sifael


Kambini, Same.
Jumapili, 27 Aprili 2025

Dada Eliwaza,

Shikamoo! Nimefika fresh kabisa. Konda aliniambia ana barua yako ya kutoka kwa kaka, wakati huo mimi nimeshakaa siti ya dirishani. Naamini aliiacha dukani na umeipata.

Nimeingia nafasi ya jamaa mmoja anaitwa Kurwa, aliumia taya. Nimepewa jezi yake, wameifua ila kwenye kola doa halijatoka. Mechi ya kwanza nilianzia benchi, ya pili nikaingia nikadanki mbele ya watu, uwanja mzima ukasimama! Bosi mwenyewe alisimama.

Kuhusu kaka sijui nisemeje. Siku niliyofika hakunikumbatia. Alinitazama kama vile nimemletea taarifa ya msiba. Haongei na mimi. Mazoezini nikimkaribia ananisukuma nje kwa nguvu, juzi kanipiga kifua kwa kiganja mpaka pumzi ikakata, akaniambia kwa sauti ya chini, "Kaa mbali na ringi." Kumbe kazi yangu ni kuingia kwenye ringi! Halafu wenzetu wanamwogopa. Akikaa kwenye benchi la chai, benchi linabaki lake peke yake. Wanamwita Tingatinga, lakini si kwa utani.

Mimi naona ananionea wivu, kama ulivyosema. Haidhuru, nitacheza.

Mdogo wako,
Rogath


Kambini, Same.
15 Juni 2025

Dada,

Shikamoo. Hii usimwonyeshe mtu.

Juzi nilitumwa stendi kununua bandeji. Pale kuna jamaa anauza vocha, ana magongo, mguu mmoja umekauka kama mti. Akaniuliza kama mimi ni mdogo wake Tingatinga. Nikasema ndiyo. Akapandisha suruali akanionyesha goti. Ni Kaanaeli, yule nahodha. Akaniambia, "Nilikuwa hewani. Kaka yako hakuwa anautazama mpira, alikuwa anatazama mguu wangu." Nikamwambia ni muongo. Akacheka, akasema nikamuulize Kurwa, ila Kurwa siku hizi anajibu kwa kuandika.

Halafu akanieleza mambo yote. Bosi akitaka mchezaji mpya na orodha imejaa, anamwita kaka ofisini na kummiminia chai. Haamrishi kitu. Anamuuliza tu hali ya mtu fulani, kama goti lake bado zima, kama meno yake bado mazima. Baada ya hapo nafasi inapatikana. Yule wa Kifaru pua ilikuwa bahati mbaya, waliofuata hawakuwa bahati mbaya.

Dada, nafasi yangu mimi ni meno ya Kurwa. Ile jezi nimeivua nikaitapikia.

Sasa sikia hili. Kuna mtu mrefu sana ameletwa kutoka Bukavu, wenyewe tunamwita Mrefu. Amelala nyumba ya wageni karibu na soko siku tatu sasa, anakula kwa gharama ya Bosi. Robo fainali inakuja. Orodha imejaa. Nani mchanga kuliko wote kwenye orodha? Mimi. Na jana jioni nimemwona kaka akitoka ofisini kwa Bosi, amefuta mdomo kwa mkono wa shati, na aliponiona akageuza njia.

Nikikimbia, shamba la mama limekwenda. Nikibaki, ni mguu wangu. Nifanyeje?

Rogath


Bombo,
Ijumaa, 20 Juni 2025

Rogath mwanangu,

Nakuita mwanangu kwa sababu leo sijisikii dada. Barua yako nimeisoma nimekaa chini, na kisha nimekwenda kaburini kwa mama nikamwambia alichozaa.

Ile barua ya Sifael konda aliiacha dukani, nikaipata umeshaondoka. Aliandika kwamba nafasi zinafanywa. Nikadhani ni wivu umepata maneno mapya. Kumbe alikuwa anasema ukweli, ila akaacha kusema mikono iliyozifanya ni ya nani. Anaokota meno aliyoyang'oa mwenyewe, kisha ananiandikia kwa huzuni!

Sikiliza. Usikimbie. Shamba lile ndilo lililotulea. Lakini usimsubiri. Nimeishi na Sifael, namjua akiamua kitu hatazami pembeni. Akikujia, usiseme huyu ni kaka. Alishaacha kuwa kaka siku alipokubali kikombe. Mpige wewe kwanza, na mpige asiinuke. Dhambi yake nitaibeba mimi.

Dada yako,
Eliwaza


Kambini, Same.
Jumamosi, 21 Juni 2025

Dada Eliwaza,

Shikamoo. Tangu Aprili sijakuandikia kwa sababu kila nilipoanza nilikuwa naanza na uongo. Leo nauacha.

Ni mimi. Kaanaeli ni mimi na Kurwa ni mimi. Ningeweza kusema niliogopa kuondoka nikiwa mzima, shamba likachukuliwa. Bosi ni Mpare mwenzetu, kesi kwake ni burudani, angetupeleka mpaka mahakama ya mwisho. Hiyo ni kweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba nililipenda lile jina. Nilipenda watu wanavyopisha. Usiku nasikia goti la Kaanaeli, lakini mchana nilikuwa natembea kifua mbele.

Wiki iliyopita Bosi alimimina chai akaniuliza, "Hivi huyu mdogo wako, vifundo vyake vya miguu ni vizima?" Chai nimeinywa yote ili asinishuku.

Nimeshaamua. Jumatatu mazoezini nitamwendea Rogath kama ninavyowaendea wote, ili Bosi aone natii. Nikifika kwake nitashusha mikono, nitajiangusha mwenyewe na kuulalia mkono wangu wa kushoto. Vitavunjika vidole viwili vitatu. Daktari ataandika, nafasi itafunguka, Mrefu ataingia mahali pangu, na Rogath hataguswa. Mimi nitapanda basi na bandeji yangu nije nyumbani nikuchimbie ile zamu ya ndiva unayonidai. Kujiumiza najua, nilijifunza darasa la tano.

Rogath usimwambie. Hajui kuficha uso, Bosi atamsoma. Niache nimalize hili, halafu mnihukumu pamoja, wewe na yeye na Kaanaeli.

Mdogo wako,
Sifael


Kambini, Same.
Jumanne, 24 Juni 2025

Dada,

Nimefanya ulivyosema.

Alinijia jana asubuhi, mwendo ule ule walionieleza, kichwa chini, haangalii mpira. Bosi alikuwa amesimama kwenye mlango wa ghala. Nilisubiri mpaka nikasikia pumzi yake, nikainama, nikamtia bega kwenye goti kwa nguvu zangu zote. Mfupa ulitoka nje, dada. Mweupe, halafu ukawa mwekundu. Akaanguka, nami nikamkalia kifuani nikampiga ngumi za uso, moja ya Kaanaeli, moja ya Kurwa, nyingine sijui za nani, mpaka jicho likafunga na mikono yangu ikawa inateleza. Hakuna aliyenivuta. Wote walisimama wakitazama.

Lakini kuna kitu sikielewi. Mikono yake ilikuwa chini. Hata nilipokuwa nampiga hakuinyanyua. Aliniangalia kwa lile jicho lililobaki, akasema, "Basi, mdogo wangu. Inatosha. Nafasi imepatikana." Nikampiga tena nikidhani ananidhihaki.

Bosi alipiga makofi. Jioni Mrefu akaletwa na begi lake. Mimi nimehamishiwa kitanda cha kaka.

Rogath


Bombo,
3 Agosti 2025

Rogath,

Wiki zote hizi sikuandika kwa sababu nilikuwa hospitalini na Sifael, na kwa sababu mkono wangu ulikuwa unakataa. Mguu uliingia usaha. Wameukata juu ya goti. Juzi tumempandisha Bombo amelala nyuma ya pikapu, juu ya magunia matupu, na kila kona ya mlima alikuwa anang'ata shuka. Jicho moja haoni vizuri. Hospitalini walimuuliza nani amemfanya hivi, akasema alianguka mwenyewe.

Ndani ya bahasha hii kuna barua yake. Ilinifikia jioni ya ile Jumatatu. Isome ukiwa umekaa. Isome mpaka mwisho kabla hujanichukia.

Umeshaisoma? Basi unajua. Alikuwa anakuja kwako ameshusha mikono. Wewe ulimvunja kwa mkono wako, lakini aliyekunyanyua mkono ni mimi. Nilimpima kwa hasira yangu, nikasema namjua. Sikumjua. Yeye hanilaumu hata kwa neno, na hilo ndilo linaloniua. Anachouliza kila siku ni kama vifundo vyako ni vizima.

Jana baragumu lililia tena. Wazee walipita kwetu kuita mtu wa ndiva, wakachungulia, wakamwona kitandani. Wakavua kofia, wakasema nyumba hii ina udhuru. Sifael alicheka, Rogath. Alicheka mpaka akalia, na mimi nikatoka nje nisimwone.

Rudi nyumbani. Ondoka hata leo. Shamba lichukuliwe, tutalima la kukodi. Sitaki mtu mwingine aumie, na sitaki jina lile likuzoee.

Dada yako,
Eliwaza


Kambini, Same.
Jumamosi, 9 Agosti 2025

Dada yangu Eliwaza,

Shikamoo. Mfikishie na kaka shikamoo yangu, kama ataipokea. Barua yake nimeilalia, nimeisoma mpaka mikunjo imechanika. Sikuchukii. Najichukia mwenyewe kiasi cha kututosha wote.

Kurudi nikiwa mzima siwezi. Shamba likienda, mtu wa mguu mmoja atakula nini? Shamba la kukodi linataka miguu. Lile la mama lina mfereji mlangoni, atakaa kwenye kigoda akilipalilia. Hilo sitamnyang'anya baada ya yote niliyomnyang'anya.

Jana jioni Bosi aliniita ofisini. Alishika birika mwenyewe, akanimiminia mpaka ukingoni. Aliniita Tingatinga. Anasema Moshi kuna mtupaji mzuri anataka kuja kabla ya nusu fainali, kisha akaniuliza kama macho ya yule kijana wa Arusha bado ni mazima. Nimeinywa chai yote, kama kaka alivyofanya.

Mazoezi ni Jumanne. Nyuma ya ghala kuna jembe la mlinzi, anapalilia bustani yake ya mchicha. Nimelishika, lina makali. Lakini naogopa kidole kimoja daktari wa Bosi atakicheka.

Basi nakuomba umuulize kaka neno moja, na jibu limpate konda wa Jumatatu: siku ile ya darasa la tano lile jembe alilishika vipi, na aliwezaje kuuacha mguu utulie?

Mdogo wenu,
Rogath